Kabla ya Kumtumia Mteja Ujumbe: Hotuba kuhusu Kutabiri Huduma kwa Data

Ndugu Mwenyekiti, ndugu zangu wa mifumo, wa masoko na wa huduma kwa wateja, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni matumizi ya data za wateja katika kutabiri kila mmoja wao atahitaji huduma ipi. Nazungumza na ninyi mnaofanya kazi hii hapa Dar es Salaam, wenye miamala ya simu, malipo ya LUKU (umeme wa kulipia kabla), ankara za maji, vifurushi, ving'amuzi na bima ndogondogo. Habari za akili mnemba kwa ujumla wake mmeshazisikia hadi mmechoka, kwa hiyo leo tuzungumze kazi yenyewe. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: fedha nyingi zinatumika kutabiri nani atanunua, wakati swali lenye faida ni nani atabadilisha anachofanya kwa sababu umemwambia. Nitafika huko. Lakini kwanza kuna hesabu ndogo ya kufanya, kwa sababu ukikosea chini huku, hakuna modeli, yaani programu ya kutabiri inayojifunza kutoka kwenye data, itakayokuokoa juu kule.

Tuchukue LUKU. Mfumo wenu unauza umeme, na mnataka kumkumbusha mteja siku moja kabla uniti hazijamwishia, ili asilale gizani na ili anunue kwenu. Kwa haraka haraka unaona ni jambo jepesi: angalia huwa ananunua kila baada ya siku ngapi, jumlisha, tuma ujumbe. Wengi huishia hapo, na ujumbe unamkuta mtu ambaye jana tu amenunua uniti za wiki mbili.

Tatizo linaanzia kwenye namba ya simu. Simu moja hulipia mita tatu: ya nyumbani Kimara, ya mama mzazi Mbagala, na ya kibanda cha saluni. Ukizichanganya hizo, mfumo utakwambia mtu huyu hununua umeme kila baada ya siku mbili, jambo ambalo si kweli kwa mita hata moja kati ya hizo tatu. Kinachotumia umeme ni mita, kwa hiyo jedwali lenu liwe na mstari mmoja kwa kila mita, halafu namba za simu zikae kwenye jedwali jingine la wanaoilipia. Kinyume chake nacho kipo, na hapa mjini ni cha kawaida sana: nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja, wapangaji wanachangishana, wiki hii ananunua wa chumba cha mbele, wiki ijayo ananunua wa uani. Ukimtumia ukumbusho aliyenunua mwisho, umemtumia mtu ambaye zamu yake imekwisha, na huenda umemwanzishia ugomvi na jirani. Mita yenye walipaji watatu au zaidi ndani ya siku 60 iwekeni kando. Walipaji wake wapate ukumbusho pale tu wanapouomba wenyewe.

La pili ni kuhesabu kwa shilingi. Shilingi elfu kumi haizai uniti zilezile kila siku. Tuchukulie bei zilizotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji: mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti, na juu yake kuna asilimia 18 ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), asilimia 3 ya REA (umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA. Jumla ni shilingi 356 na senti kidogo, ndiyo maana elfu kumi hutoa uniti 28.1. Mteja wa D1, kundi la matumizi madogo ya nyumbani, yeye hulipa 100 kwa uniti hadi afikishe uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo zinapanda hadi 350. Halafu kuna kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU katika manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500. Kwa hiyo elfu kumi ya kwanza ya mwezi humpa mtu wa T1 uniti 23.9 tu. Na kama mwezi uliopita hakununua kabisa, deni la kodi limelimbikizwa, atapata pungufu ya hapo. Fanyeni hesabu kwa uniti zilizoandikwa kwenye risiti. Zipo kwenye ujumbe wa malipo na hakuna sababu ya kuzikisia.

Tuione mita moja kwa karibu. Ni ya T1. Tarehe 1 imenunuliwa ya elfu kumi, uniti 23.9. Tarehe 6 ya elfu tano, uniti 14.0. Tarehe 9 tena ya elfu tano, uniti 14.0. Tarehe 12 ya elfu kumi, uniti 28.1. Tarehe 18 amenunua tena ya elfu kumi. Jumlisha uniti kuanzia tarehe 1 hadi zile za tarehe 12, na hizi za mwisho usiziguse kwa kuwa bado hazijatumika. Unapata 80. Gawa kwa siku 17 zilizopita kati ya tarehe 1 na 18: uniti 4.7 kwa siku. Manunuzi ya tarehe 18 yana uniti 28.1, ambazo kwa mwendo huo ni siku sita. Zitaisha tarehe 24. Ukumbusho uende tarehe 23 jioni, watu wakiwa nyumbani.

Hesabu hii inasimama juu ya dhana moja: kwamba kila anaponunua, salio lililobaki kwenye mita linalingana. Salio hilo ninyi hamlioni. Mwenye kungoja hadi taa izimike na mwenye kununua akiba kabla ya safari wote wanaweza kufanya hivyo mara moja moja, basi manunuzi mawili matatu hayatoshi. Chukueni angalau matano. Badala ya wastani wa vipindi tumieni cha katikati mkishavipanga kwa ukubwa, ili safari moja ya wiki mbili kwenda Moshi isiharibu hesabu nzima. Na kama mtu hununua pia kwa mtandao mwingine au kwa wakala wa jirani, historia yenu ina mashimo, na uniti kwa siku zitatoka chache kuliko anazotumia kweli. Dalili yake ni hii: kipindi kimoja kinakuwa mara mbili au tatu ya vingine wakati uniti zilizonunuliwa ni zilezile. Mita ya namna hiyo msiitabirie.

Sasa mkija na modeli kubwa, ipimeni dhidi ya hesabu hii ya kugawa na kujumlisha. Ikiwa inaishinda kwa nusu siku tu, bakini na hesabu. Mwaka 2006 Netflix ilitangaza zawadi ya dola milioni 1 kwa atakayepunguza kosa la utabiri wake kwa asilimia 10. Zawadi ilichukuliwa mwaka 2009, lakini mfumo kamili ulioshinda haukuingizwa kazini. Mwaka 2012 kampuni ilieleza kwamba usahihi ulioongezeka haukustahili kazi ya uhandisi iliyotakiwa. Kwa wengi wenu regresheni ya lojistiki, njia nyepesi ya kukadiria uwezekano wa jambo kutokea, inatosha kuanzia, na ikishazoeleka mnaweza kujaribu miti ya maamuzi iliyounganishwa. Sitasema zaidi juu ya aina za modeli. Muda wenu mwingi hautaishia huko.

Utaishia kwenye usafi wa data. Namba ileile huandikwa 0754, 255754, +255754, na ikishapita kwenye Excel inakuwa 754 kwa sababu sifuri ya mwanzo imeliwa. Mteja mmoja anakuwa wanne, kila mmoja na robo ya historia. Tokeni ya LUKU, yaani namba ya kuingiza kwenye mita, ina tarakimu 20, wakati Excel huhifadhi 15 na zilizobaki huzifanya sifuri. Ila tokeni haina kazi yoyote kwenye uchambuzi, kwa hiyo isiingie kabisa. Tarehe za kuzaliwa nazo: mkiona Januari 1 imejaa watu kuliko siku nyingine yoyote, hao si mapacha wa taifa. Ni waliojaziwa fomu kwa haraka. Umri wao uhesabiwe kwa mwaka, siku na mwezi viachwe.

Saa zina mtego wake. Seva nyingi huandika kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Muamala wa saa saba na nusu usiku wa tarehe 1 unaandikwa 22:30 ya mwisho wa mwezi uliopita. Rudini kwenye kodi ya majengo muone madhara: manunuzi yenye makato yameangukia mwezi usio wake, na mfumo unadhani mwezi huu mtu hajakatwa. Geuzeni saa kabla ya kukusanya kwa siku, si baada.

Kisha mawakala. Laini inayofanya miamala 80 kwa siku si mteja bora kupita wote, ni kibanda. Mkiiacha ndani, modeli itajifunza tabia za vibanda na kuwauzia watu wa kawaida. Laini za uwakala zilizosajiliwa ni rahisi kuziondoa. Zinazosumbua ni zile za binafsi ambazo wakala huzitumia pale ya kazi inapoishiwa salio. Zitafuteni kwa mchanganyiko wa dalili: wapokeaji wengi wasiojirudia, miamala yote mahali pamoja, na mtiririko wa mchana kutwa bila mapumziko. Namba iliyolala muda mrefu ikagawiwa mtu mwingine nayo ina matatizo ya namna hiyo: nusu ya kwanza ya historia ni ya mtu mmoja, nusu ya pili ni ya mwingine. Usajili wa alama za vidole unakwambia lini mwenye laini alibadilika. Historia ianzie hapo.

Kuna kitu kingine ambacho mifumo mingi hukifuta kwanza ikitafuta nafasi, nacho ndicho chenye habari nzuri kuliko vyote. Ni yale yaliyoshindikana. Jedwali la miamala iliyokamilika linaonyesha mlichouza. Mlichoshindwa kuuza kipo kwenye kumbukumbu za menyu: mtu aliyebonyeza nyota hadi reli, akapita hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha menyu ikakatika kwenye ya nne, mtu aliyejaribu kutuma mara tatu jioni moja akaambiwa amevuka kikomo cha siku, mtu aliyeingia kwenye ukurasa wa bima ya pikipiki akatoka alipoona bei. Huyo wa pili hahitaji kutabiriwa kwa mashine yoyote, anahitaji kupandishwa kiwango, na fomu yake ipo. Hifadhini mambo manne tu kwa kila jaribio lililoshindikana: mita au mteja, hatua aliyofikia, sababu ya kushindikana, na saa. Miezi 13 inatosha, maana inamaliza mwaka mzima na kuwapa mwezi wa kulinganisha. Na mtofautishe aliyeghairi mwenyewe na aliyekatiwa na mtandao. Ikiwa ndani ya dakika tano watu mia tano wamekatika kwenye hatua ileile, hilo ni tatizo la mtambo na halina habari yoyote juu ya mahitaji yao.

Sasa tuje kwenye kujenga jedwali la kufundishia modeli, maana hapa ndipo watu hujidanganya bila kujua. Chukulieni mnataka kujua nani atahitaji huduma ya kuweka akiba ya ada ya shule. Chagueni tarehe ya kukata, tuseme Septemba 30. Kila mnachokijua juu ya mteja kitoke kwenye siku 90 kabla ya tarehe hiyo. Acheni siku 7 tupu, kwa sababu kuandaa orodha, kuipitisha na kutuma ujumbe huchukua siku kadhaa. Kisha jibu, yaani amejiunga au hajajiunga, likusanywe ndani ya siku 30 zinazofuata, Oktoba 8 hadi Novemba 6. Rudieni hivyo kwa tarehe kadhaa za kukata. Na upimaji ufanyike kwa tarehe ya baadaye ambayo modeli haijaiona. Kuchanganya mistari yote na kuchota baadhi kwa bahati nasibu kutawapa matokeo mazuri ambayo hayatatokea tena.

Kinachoharibu kazi hii ni safu moja ambayo haisemi uongo kwa makusudi. Jedwali la wateja lina safu ya aina ya mteja, na watu wa masoko huibadilisha kuwa "mzazi" mtu akishajiunga na akiba ya ada. Modeli ikipewa safu hiyo inagundua siri mara moja: wazazi hujiunga! Usahihi unapanda hadi mnaanza kupongezana. Ikienda kazini haipati kitu, kwa sababu kabla ya kujiunga hakuna aliyeandikwa mzazi. Dawa ni kutunza historia ya kila safu inayobadilika, ikiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kuisoma kama ilivyokuwa siku ya kukata. Kama hifadhidata yenu hufuta ya zamani na kuandika mpya juu yake, safu hiyo iacheni nje hadi mtakapoanza kuitunza. Na modeli yoyote ya tabia za watu ikiwaletea usahihi wa kushangaza, tafuteni mwanya kabla ya kutafuta wa kumpongeza.

Tena usahihi wenyewe unapotosha. Ikiwa wanaojiunga ni 2 kati ya 100, mfumo unaosema "hapana" kwa kila mtu una usahihi wa asilimia 98. Ulizeni badala yake: kati ya 100 mliowachagua, wangapi walijiunga kweli, na kati ya wote waliojiunga, wangapi mlikuwa mmewachagua.

Hata hayo hayatoshi, na hapa ndipo narudi kwenye nilichosema mwanzo. Tuseme, kwa hesabu ya mfano, mna wateja 200,000. Bila ujumbe wowote, asilimia 2 hujiunga na huduma ndani ya mwezi. Modeli imechagua 20,000 wa juu, mkawatumia ujumbe, 1,600 wakajiunga. Ni asilimia 8, mara nne ya wastani. Ripoti inapanda ghorofani, watu wanafurahi. Lakini katika kundi hilohilo la juu mlikuwa mmewaacha baadhi kwa bahati nasibu bila kuwatumia kitu, na asilimia 7 yao wamejiunga wenyewe. Kwa hiyo kati ya 1,600, watu 1,400 walikuwa njiani tayari. Ujumbe wenu umeleta 200. Chukueni sasa 20,000 wa katikati, ambao modeli haikuwasifia. Bila ujumbe hujiunga asilimia 1.5, wakipata ujumbe hujiunga asilimia 4. Hapo ujumbe umeleta 500. Ikiwa kila ujumbe unawagharimu shilingi 20, kila kundi limekula shilingi 400,000: juu mmelipa shilingi 2,000 kwa kila mteja wa nyongeza, katikati mmelipa 800. Aliyeonekana dhaifu kwenye ripoti ndiye aliyelipa.

Mteja huangukia kwenye moja ya hali nne. Yupo atakayejiunga hata msipomwambia. Yupo asiyejiunga hata mkimwimbia. Yupo anayejiunga kwa kuwa amekumbushwa, na huyu ndiye wa kutafutwa. Na yupo wa nne, anayeondoka kwa kuwa amekumbushwa: mtu anakatwa kidogo kidogo kila wiki kwa bima aliyoisahau, mnamtumia ujumbe wa kumshukuru, anashtuka na kujitoa. Idara ya masoko itataka huyu wa nne aachwe alale. Mimi nasema mwambieni anachokatwa. Huduma inayoishi kwa sababu mteja kaisahau haijakidhi hitaji la mtu, na data yake inawafundisha vibaya modeli zenu zote.

Kujua nani yuko hali gani kunahitaji kundi la kuachwa bila ujumbe, na kundi hilo lazima liwe kubwa kuliko mnavyopenda. Ili kuona tofauti kati ya asilimia 2 na asilimia 2.5 kwa uhakika unaokubalika, mnahitaji watu wapatao 14,000 kila upande. Kwa watu 500 kila upande mtaona chochote mnachotaka kuona. Ugawaji ufanywe kwa namba inayozalishwa upya kwa kila jaribio. Mkitumia tarakimu ya mwisho ya simu kila mara, ni walewale wanaoachwa mwaka mzima, na tofauti ya majaribio yaliyopita inawafuata. Simu zinazolipia mita moja ziende upande mmoja, kwa sababu mke akipata ujumbe, mume ameupata.

Na wekeni foleni moja ya ujumbe kwa kampuni nzima. Nimeona mipango ambapo idara ya mikopo ina modeli yake, bima yake, vifurushi yake, na kila moja inamwona mteja yuleyule kuwa wa kwanza. Anapokea jumbe nne kwa siku, anazizima zote, pamoja na ule wa LUKU aliouhitaji. Ukomo uwe kwa mteja, si kwa idara. Mbili kwa wiki ni nyingi tayari, na "asitumiwe kitu" liwe mojawapo ya majibu ambayo mfumo unaruhusiwa kutoa.

Kwa mteja mpya asiye na historia, msikisie kwa jina lake wala kwa mtaa anaokaa. Tandale ya uswahilini ina mwenye maduka matatu, Masaki ya kishua ina mlinzi na mpishi. Muulizeni swali moja siku anayojiunga, lenye majibu matatu ya kubonyeza. Litawaambia mengi kuliko siku 30 za kumchungulia.

Kuchungulia kuna sheria yake sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi husajili wakusanyaji na wachakataji. Mteja ana haki ya kuwazuia kutumia taarifa zake kwa matangazo ya biashara, na ana haki zake juu ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Kwenye kazi yetu hii inamaanisha mambo ya kushika mkononi. Taarifa alizotoa akinunua umeme zilitolewa kwa ajili ya umeme. Kuzichukua kupimia kama anastahili mkopo ni kusudi jingine, na linahitaji msingi wake. Anayekataliwa huduma na alama ya modeli awe na mtu wa kumwendea, mwenye mamlaka ya kubadilisha jibu. Na neno la kujitoa likitumwa, lifike kwenye foleni ya ujumbe siku hiyohiyo. Mara nyingi linakwama kwenye mfumo wa huduma kwa wateja huku orodha ikiwa imeshachotwa.

Wahandisi, hili ni lenu. Kuzigeuza namba za simu kwa heshi ya kawaida, yaani fomula inayogeuza namba kuwa msimbo, na kuziita hazitambuliki ni kujifariji. Namba zetu za simu za mkononi zina tarakimu tisa baada ya 255 na huanza na 6 au 7, yaani haziwezi kuzidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida inazijaribu zote ndani ya dakika chache na kurudisha kila namba. Tumieni heshi yenye ufunguo wa siri, ufunguo ukae mbali na data. Hata hivyo mahali na saa humtaja mtu bila jina. Utafiti wa mwaka 2013 ulioongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye ulichukua data za simu za watu milioni 1.5 za miezi 15, ukaonyesha kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine kwa asilimia 95 ya watu hao. Mita ya umeme nayo inazungumza: ikinyamaza wiki tatu, imesema nyumba haina mtu. Orodha ya mita zilizonyamaza isiwe kwenye faili ambalo kila mtu wa masoko anaweza kulifungua.

La mwisho ni kalenda, kwa kuwa modeli iliyo sahihi leo huharibika bila kubadilishwa hata mstari mmoja wa programu. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo kulinganisha Machi na Machi iliyopita kunaweza kuwa kulinganisha mfungo na mwezi wa kawaida. Januari ni ada na sare. Mwisho wa mwezi ni mishahara. Modeli iliyofundishwa kwa miezi sita haijawahi kuiona nusu ya pili ya mwaka. Kuna na mabadiliko ambayo kalenda yoyote haiyajui: Julai 15, 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, watu wengi walipunguza kutuma na wengine wakarudi kwenye fedha taslimu, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Modeli yenye dirisha la siku 90 ingewasoma wateja wote hao kama watu wanaoihama kampuni. Njia ya kujikinga ni kumpima mteja dhidi ya wenzake wa wiki hiyohiyo. Kama wote wameshuka kwa theluthi na yeye kashuka kwa theluthi, hajabadilika.

Kila Jumatatu linganisheni wastani wa alama zilizotabiriwa na kilichotokea. Modeli ikisema 4 kati ya 100 na waliojiunga ni 2 na nusu kwa wiki mbili mfululizo, ujumbe usimame. Ukumbusho wa LUKU unaweza kuendelea kwa ile hesabu ya uniti kwa siku, kwa sababu haitegemei tozo wala mshahara. Mengine yangoje hadi kuwe na data ya siku 60 baada ya badiliko, ndipo modeli ifundishwe upya. Awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina mwenye ruhusa ya kuzima foleni nzima bila kusubiri kikao, na Jumamosi na Jumapili awepo wa zamu yake, maana jumbe zilizokosewa hutoka hata wikiendi.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa nimeumaliza. Nipo kwa maswali, na walioleta majedwali yao tuyafungue.